Wiki ya Kwanza Hakuna Rangi

Siongiroi si kwa chai hasa. Sisi wa upande huu wa Chepalungu ni watu wa mahindi na maziwa. Chai iko juu, Konoin na Kericho. Lakini kila darasa langu la Sanaa na Ubunifu huwa na mtoto ambaye mamake au mjomba wake amewahi kuchuma katika mashamba ya kampuni, kwa hiyo habari za chai hutufikia kabla ya gazeti.

Mei 2023 waandamanaji walipochoma mashine za kuchumia chai za kampuni ya Ekaterra huko Kericho, niliwaambia kidato cha tatu waichore habari hiyo. Nilipokusanya karatasi, karibu zote zilikuwa zinawaka. Moto, ngumi hewani, askari na ngao yake, bendera. Ndizo picha walizokuwa wameziona kwenye simu. Mwanafunzi akiambiwa achore habari, kwanza hunakili jinsi ilivyopigwa picha, na simlaumu, maana hajaonyeshwa kingine. Tangu hapo nina sharti moja: wiki ya kwanza hakuna rangi yoyote, nyekundu kwanza. Ni makaa tu.

Makaa tunayachoma wenyewe, kwa sababu ya dukani ni ghali na hayafiki huku. Senetwet, mti uleule ambao akina mama hutumia makaa yake kupaka ndani ya kibuyu cha maziwa ya mursik, una vijiti vinavyofaa. Tunavibambua maganda, tunavikata urefu wa kidole, tunavibana ndani ya kopo lenye tundu dogo kifunikoni, kisha kopo linawekwa motoni mpaka moshi wa tunduni uishe. Hapo linaachwa lipoe lenyewe. Mwenye haraka akifungua likiwa moto, hewa inaingia, vijiti vinashika na kugeuka jivu, na kazi inaanza upya.

Kwa makaa hayo msichana mmoja alichora mkono wa mamake. Mchumaji wa miaka mingi hushika weusi wa utomvu vidoleni, nao hautoki kwa sabuni. Msichana alitia kivuli kidole gumba na cha shahada peke yake, vile vinavyokata majani mawili na kichipukizi; sehemu nyingine ya mkono aliiacha karatasi tupu. Pembeni hakuchora mashine. Alichora mfuko wa mashine tu, ule mkubwa unaoburutwa nyuma ya kisu, umejaa hadi shingoni. Picha za moto zilinionyesha kwamba mashine zimechomwa. Hii ilinieleza kwa nini.

Mvulana mmoja hakuridhika. Kaka yake huendesha mashine hizo na analisha nyumba kwa kazi hiyo. Je, naye si habari? Akachora wanaume wawili wameshika mashine pande mbili za mstari wa chai, migongo imepinda vilevile inavyopinda ya wachumaji. Darasa likabishana mpaka kengele. Mimi nilikaa kimya, na kwa mwalimu hiyo si kazi ndogo.

Januari 2025 darasa jingine lilirudi shuleni na swali lake. Gideon Kibet, mchora katuni anayejulikana kama Kibet Bull, alikuwa ametekwa tarehe 24 Desemba, akaachiliwa mapema Januari. Sifa yake ni picha za kivuli za Rais Ruto: umbo jeusi lisilo macho wala mdomo. Wakaniuliza, mtu asiye na uso anatambulikanaje? Basi tukafanya zoezi. Kila mmoja alimchora mwenzake kwa umbo jeusi tupu, nasi tukabahatisha ni nani. Waliotambulika upesi walichorwa na mtu aliyetazama shingo, namna ya kusimama, mkono ulivyozoea kukaa. Waliohangaikia pua hawakutambulika hata kidogo. Nikawaonyesha pia mchora katuni Gado: alimchora Uhuru Kenyatta akiwa na tufe la chuma mguuni wakati wa kesi yake huko Hague, na tufe lile lilibeba habari nzima.

Wiki iliyofuata mzazi alinisubiri getini. “Mwalimu, naomba unisikie. Huyu nilimleta asome, sikumleta atafutwe na watu.” Nilimwelewa. Sikumwahidi kwamba tutachora maua, wala sikumwambia kwamba hakuna cha kuogopa, kwa sababu yeye pia anasikiliza redio. Tulikubaliana jambo dogo: kazi inayotundikwa ukutani haina jina mbele. Linaandikwa nyuma, kwa penseli.

Siku ya wazazi alikuja. Akazunguka darasa lote, akasimama sana mbele ya picha tatu, akaniuliza ya mwanawe ni ipi. Nikamwambia, muulize mwenyewe, mzee. Mtoto naye akakataa kusema.