Muziki Ulipokuwa Ukilala Nuu

Zamani bendi ikija Nuu, kwetu Ukambani, ilikuja kulala. Barabara ya kutoka Mwingi ilikuwa mchanga na mawe, ikikatwa na mito ambayo miezi mingi ya mwaka huwa mikavu, na siku moja ya mvua kubwa hufurika kingo zote mbili. Gari lililobeba magitaa, dramu, maspika na jenereta halingeweza kufika alasiri, bendi ipige mpaka majogoo, kisha ligeuze kurudi Machakos asubuhi hiyohiyo. Dereva alikuwa na usingizi, wanamuziki walikuwa na njaa. Na mto Enziu ukijaa, hata aliyetaka kuondoka alibaki nasi mpaka mto upungue.

Usiku tulicheza, lakini mchana ndio ninaoukumbuka zaidi. Wanamuziki walikaa chini ya mti pale sokoni, wakikaza nyuzi na kufuta vumbi kwenye amplifaya. Mpiga besi alinipa gitaa lake nilishike, nikashangaa uzito wake. Mpiga solo alimkuta bibi mmoja anaimba kipande cha kilumi, ngoma ambayo akina mama wa Ukambani huipiga kuombea mvua, akawa anamfuata kwa vidole, anakosea, anajaribu tena.

"Rudia hapo, susu," akamwambia.

"Hii haipigwi bure, mwana wakwa," bibi akamjibu, kisha akarudia.

Mama yangu aliwapikia muthokoi kwa sababu hoteli ya sokoni ilikuwa imeishiwa. Watunzi wa benga ya Kikamba wana desturi ya kutaja watu na mahali ndani ya wimbo, basi usiku wa pili tulisikia majina ya kwetu yakitoka kwenye spika: mwenye duka, mwalimu, kijiji chini ya kilima. Sisi ambao hatukuwahi kusikia Nuu ikitajwa redioni isipokuwa kwa habari ya njaa, tulisimama wima.

Huo ndio ulikuwa muziki uliosafiri kwa nchi kavu, na si wa Ukambani peke yake. Akina Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, hao wa kwetu tuliwajua kwa redio na santuri. Lakini Nairobi yenyewe ilijaa bendi zilizofika kwa kutambaa ardhini. Super Mazembe walianzia Lubumbashi, wakapita Zambia, wakapita Tanzania, ndipo wakatua Nairobi mwaka 1974. Ndugu wa Simba Wanyika walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakaingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila walipopita walilala, na kila walipolala walikula, walioa, waligombana, walisikia mdundo wa watu wengine. Ukisikiliza vizuri magitaa ya miaka ile utasikia safari yenyewe ndani yake. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa, na shirika la pamoja la East African Airways likavunjika mwaka huohuo, kitu kilichokatika hakikuwa biashara ya mahindi tu. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Miaka karibu 7 bendi za pande mbili zilisikilizana kwa redio, bila kukutana barabarani.

Mimi niliondoka Nuu nikiwa kijana na kupata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa Wilson, Nairobi. Uwanja huo una jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege za kukodi mwaka 1929, na mpaka leo ndipo mahali pa chata, yaani safari za ndege za kukodi: miraa ya kwenda Somalia, dawa na unga wa kwenda Sudan Kusini, watalii wa Maasai Mara, madaktari wa AMREF. Mara mojamoja, wanamuziki. Hao niliwasubiri kwa hamu kuliko abiria wengine wote. Nilitaka kuwapakia kwa mikono yangu mwenyewe.

Kazi ya chata ya muziki huanza kwenye mizani. Kila mtu anapimwa, kila sanduku linapimwa. Caravan, ndege ya injini moja inayopendwa sana katika viwanja vya murram, hubeba takriban tani moja ya watu na mizigo ukishajaza mafuta ya kutosha safari. Wanamuziki 8 na mabegi yao tayari wamekula sehemu kubwa ya tani hiyo. Wilson iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na joto la mchana huifanya nyepesi zaidi, hivyo rubani akikuambia spika haziingii huna la kubishana. Magitaa huingia, dramu huingia nusu, spika hubaki. Bendi itakodi spika huko iendako. Hapo sijasema karatasi: kibali cha kupita anga ya nchi moja, kibali cha kutua nchi nyingine, orodha ya abiria, dhamana ya forodha ili vyombo vihesabike kuwa vinarudi, kibali cha kazi cha wasanii, kadi za homa ya manjano. Karatasi moja ikikosekana Entebbe au Kilimanjaro, onyesho la Ijumaa linakuwa la Jumamosi.

Wakubwa wa dunia walizimaliza shida hizi kwa fedha. Septemba 1974, Kinshasa ilipoandaa tamasha kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, James Brown, B.B. King, Celia Cruz na wenzao waliletwa kutoka Marekani ndani ya ndege moja, wakapanda jukwaa moja na Franco, Tabu Ley na Miriam Makeba. Aprili 1980, Bob Marley alipoalikwa kuimba Zimbabwe siku ya uhuru, alilipa mwenyewe gharama ya kurusha mitambo yake ya sauti mpaka Harare, ambayo wakati huo iliitwa Salisbury. Mwaka 2008 Iron Maiden wa Uingereza walikodi Boeing 757, sehemu ya nyuma ikatengewa tani kadhaa za vyombo, na mwimbaji wao Bruce Dickinson, ambaye wakati huo alikuwa pia rubani wa ndege za abiria, akairusha mwenyewe. Mwaka 2016 wakaongeza ukubwa, wakakodi 747. Ninaposoma habari hizo moyo wangu wa mpakiaji hufurahi. Bendi nzima, mafundi, dramu, taa, chini ya paa moja angani! Hivyo ndivyo muziki unavyostahili kusafiri.

Lakini nilipokuwa Wilson niligundua jambo ambalo Nuu hakuna aliyeniambia. Muziki ni kazi ya usiku, na ndege inayoweza kufika mashambani ni kazi ya mchana. Viwanja vidogo vya murram havina taa. Rubani lazima atue kabla jua halijazama, na kuondoka ni baada ya kucha. Kwa hiyo bendi ikiruka kwenda kijijini, ndege nayo lazima ilale, na ndege ikilala, mtu analipa: maegesho, chumba na chakula cha rubani, na kazi ambayo ingeifanya kwingine. Ikiwa haitalala, itarudi tupu kisha ije tena tupu, na hiyo pia inalipiwa, maana katika chata unalipia saa za injini hata kama viti havina mtu. Promota akipiga hesabu anaona njia moja tu: atue penye taa, aimbishe penye uwanja wa mpira na hoteli, aondoke. Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali. Agosti 2022 Diamond Platnumz alitoka Tanzania akaimba katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, kwenye mkutano wa mwisho wa kampeni ya muungano wa kisiasa wa Azimio, na uwanja ulilipuka kwa shangwe. Kati ya Dar es Salaam na Kasarani kuna Korogwe, Same, Moshi, Namanga, Kajiado. Bendi ya miaka ya 1970 ingeacha wimbo kila mahali hapo.

Nuu nako hufikiwa na chombo cha angani, msimu wa kura. Nimewahi kuwa nyumbani helikopta ilipomshusha mgombea pamoja na mwimbaji wa benga. Wimbo ulitoka kwenye gari la vipaza sauti lililotangulia. Mwimbaji alishika maikrofoni, akaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, watoto wakashangilia, vumbi likapanda, wakaenda. Hakuna aliyejua alipenda kula nini. Jina la Nuu alilisoma kwenye karatasi.

Ninasikitika, lakini sitaki mtu adhani ninaitamani barabara ile. Jumamosi tarehe 4 Disemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki kutoka Mwingi lilikuwa likija Nuu, harusini. Enziu ulikuwa umefurika. Basi liliingia majini, likasombwa, na watu zaidi ya 30 wakafa, watoto wakiwemo. Walikuwa wanakuja kutuimbia. Nimeandika sana hapo juu kuhusu raha ya bendi kukwama kwa sababu ya mto, na kila sentensi niliiandika nikijua kwamba mto ni huohuo. Sisi tuliokuwa watoto tuliufurahia ukijaa, kwa sababu ulitubakishia wageni. Wazee ndio waliokuwa wakienda ukingoni kutazama maji, na hawakusema kitu.

Na angani si salama kwa kuwa ni angani. Chini ya mwezi mmoja kabla ya msiba wa Enziu, tarehe 5 Novemba 2021, mwimbaji Marília Mendonça wa Brazil, mwenye umri wa miaka 26, alikufa na wenzake wanne ndege ndogo iliyokuwa ikimpeleka kwenye onyesho ilipoanguka. Mwanamuziki Buddy Holly, Februari 1959, alikodi ndege kwa sababu basi la ziara lilikuwa bovu, halina joto katikati ya baridi kali ya Marekani. Ndege ikaanguka usiku uleule. Mwanamuziki wa ziara, popote alipozaliwa, huchagua kati ya uchovu na hatari, na mara nyingi huchaguliwa na mwenye kulipa. Waliopotea Enziu hawakuwa hata na uchaguzi huo. Mwingi hadi Nuu ni mwendo wa barabara, na kwaya haikodi ndege.

Kilichobadilisha muziki wetu zaidi, hata hivyo, si chata. Wanaoikodi ni wachache mno. Kilichoubadilisha ni tikiti ya kawaida ya ndege. Basi dogo la kukodi la zamani lilikuwa na bei moja, mkiwa 4 au mkiwa 10, basi mpiga manyanga alipata nafasi, na kijana wa kubeba nyaya alipata nafasi. Ndege huuza kiti kimoja kimoja. Wakamba walioko Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba wanapomwita msanii wao wa benga, hujumlisha tikiti, viza na hoteli ya kila mtu, na jumla hiyo huanza kung'oa watu: mpiga manyanga kwanza, kisha dramu, kisha gitaa la pili. Mwisho husafiri mwimbaji na fleshi iliyobeba midundo. Sauti ya gitaa inafika London, vidole vimebaki Kitui. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa sababu benga ni mazungumzo ya magitaa, na mazungumzo ya kurekodiwa hayajibu mtu akiitikia ukumbini.

Caravan moja ingetosha bendi ya watu 7 na vyombo vyao vyepesi, Nairobi hadi Arusha, Arusha hadi Mwanza, Mwanza hadi Kampala. Niliwahi kuichora safari hiyo nyuma ya karatasi ya mizigo, na uzito wa kila mtu, na saa za kutua, na usiku wa kulala kila mji, nikampelekea promota mmoja. Aliisoma yote kwa heshima. Akaniuliza nani angelipia ndege usiku ikiwa imesimama.

Miaka iliyofuata nilikutana Machakos na mpiga besi aliyekuwa ameachwa nje ya ziara ya ng'ambo, mwimbaji wake akiwa tayari kule na fleshi. Hakumlaumu. Alisema katika nafasi ile naye angefanya vivyo hivyo. Tuliongea juu ya nyuzi, juu ya Nuu, ambako alikuwa amewahi kupiga akiwa kijana, na alikumbuka muthokoi. Kisha akaniuliza kama pale Wilson bado wanaandika wapakiaji. Jumatatu nilimpeleka kwa msimamizi, na akaandikwa.