Nyota ya Iyunga

Krismasi ya mwaka 1974 sikwenda nyumbani. Kutoka Iyunga hadi kwetu Rungwe, kupitia Uyole na Isyonje, si zaidi ya kilometa 80, na basi liliondoka Mbeya mjini kila asubuhi, barabara ikikubali. Naanza na jambo hili kwa sababu wengi walionisikia nikisimulia habari za yule kijana mmisionari hudhani kwamba mimi ndiye niliyemfariji. Mambo hayakuwa hivyo.

Nilikuwa na umri wa miaka 24, mwalimu wa Daraja A kutoka Chuo cha Ualimu Mpuguso, na huo ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga, kitanda cha kamba, na redio ya Philips. Hiyo redio ndiyo iliyonizuia kwenda nyumbani. Mwezi wa sita baba alikuwa ameniomba nichangie bati za nyumba yake mpya. Nami nikamwambia mshahara haujatosha. Likizo ya mwezi wa saba nikafika na redio begani. Baba hakufoka. Aliwaambia majirani waliokuwa wamekuja kunisalimu, nami nimesimama hapohapo, "Huyu sasa si mtoto wangu, ni mtoto wa redio." Watu wakacheka. Kesho yake nikaondoka alfajiri bila kuaga, na tangu siku hiyo sikuandika hata barua moja.

Basi mwezi wa kumi na mbili ukafika, shule ikafungwa, walimu wenzangu wakatawanyika. Iyunga ya siku zile haikuwa kama hii ya leo yenye viwanda, chuo kikuu na bodaboda. Palikuwa na mashamba ya mahindi hadi karibu na barabara kuu ya Zambia, na reli mpya ambayo Wachina walikuwa wamekwisha kuitandika kupita kwetu, ingawa haikuwa imekabidhiwa bado. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri. Mlima Loleza ulijifunika asubuhi na kujifunua saa nne, kisha ukajifunika tena.

Huyo kijana alikuwa Mdenishi. Alikuwa na umri wa miaka 23, yaani mdogo wangu kwa mwaka mmoja, na alikuwa ametumwa kusaidia karakana ya useremala na vijana wa kanisa la Moraviani. Watoto walimwita Mchungaji, naye kila mara aliwasahihisha kwamba yeye si mchungaji, ni fundi tu, wala hawakumsikiliza. Wamisionari wakubwa, waliokuwa na wake na watoto, walikwenda Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa kupumzika. Yeye aliachwa alinde nyumba na mashine. Sijui kama aliombwa au aliagizwa. Wakubwa wakati mwingine husahau kwamba asiye na mke naye ana mama.

Nilimfahamu kwa kuwa alikuja kwangu jioni moja kuomba nimsaidie Kiswahili. Alikuwa amejifunza kwa kitabu, na alikuwa na hodari wa kutamka, lakini vitenzi vilimpiga chenga. Alitaka kunieleza desturi za kwao, akasema, "Kila Krismasi mama yangu ananipika." Watoto waliokuwa dirishani walikimbia wakipiga kelele kwamba mama wa Mzungu anampika mwanawe. Nilimweleza tofauti ya kupika na kupikia. Akaandika katika daftari lake, akanyamaza kidogo, kisha akasema polepole, akihesabu silabi, "Mama yangu a-na-ni-pi-ki-a." Nikaona macho yake yamejaa machozi. Mimi ni mwalimu, nimeona wanafunzi wakilia kwa sababu nyingi, lakini hiyo ndiyo mara pekee niliyoona mtu akilizwa na kauli ya kutendea.

Akaniuliza, "Na wewe, Mwalimu, kwenu ni mbali?"

Nikamjibu, "Mbali sana, Ndugu."

Alitikisa kichwa kwa huruma, akanipa mkono. Msomaji, uongo huo ulinikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Tangu jioni ile tukawa tunakula pamoja, viazi na maharage kwangu, au uji mzito wa shayiri kwake, ambao kwa kweli sikuupenda. Alinisimulia mji wao, Christiansfeld, uliojengwa na Wamoraviani mwaka 1773, wenye nyumba za matofali ya manjano na keki za asali zinazojulikana Denmark nzima. Kwao sherehe yenyewe ni usiku wa tarehe 24. Watu hula, kisha hushikana mikono na kuuzunguka mti wakiimba, wazee kwa watoto. Alisema kaka zake wawili watashikana mkono pale ambapo yeye angesimama katikati. Hilo ndilo lililokuwa likimwumiza, kwamba duara lingefungwa bila pengo. Nilimshauri aende Posta mjini kuomba simu ya nje. Alikuwa amekwisha kuuliza. Gharama ya dakika chache ingemeza posho yake, na hata hivyo hakuwa na hakika kwamba angeweza kusema neno.

Mimi niliyezaliwa Rungwe nilikua nikiyaona makaburi ya wamisionari pasipo kufikiri kwamba waliolala mle walikuwa watoto wa watu. Wamoraviani wa kwanza walifika nchi yetu mwaka 1891, Theodor Meyer na wenzake watatu. Mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo kabla hajafundisha mtu yeyote jambo lolote. Waliobaki walioa, wakazaa, na mtoto alipofikia umri wa kusoma alipelekwa Ulaya katika shule za bweni za kanisa, kama ile ya Kleinwelka huko Saxony. Barua ilichukua miezi. Wapo waliopeleka mtoto wa miaka saba na kuja kukutana na kijana mwenye ndevu. Mwaka 1916 Waingereza walipoingia, wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa, na makanisa yakashikwa na walimu wenyeji, ambao nao wengine walikuwa wametumwa mbali na ukoo wao na hakuna aliyeandika kitabu juu ya upweke wao. Nilipokuwa mdogo tuliambiwa habari za imani ya watu hao. Habari za wale watoto hatukuambiwa.

Kijana wetu alizijua. Alikuwa amesoma habari za shule nyingine ya bweni, ya Niesky, ambako mwanzoni mwa karne ya 19 walimu waliwafundisha wavulana kutengeneza nyota ya karatasi wakati wa majilio. Wengi wa wavulana hao wazazi wao walikuwa umisionarini ng'ambo. Lilikuwa somo la hisabati, na hapo ndipo masikio yangu yalipochangamka. Unaanza na umbo lenye nyuso 26, yaani miraba 18 na pembetatu 8. Juu ya kila uso unasimamisha pembe ndefu iliyochongoka. Uso mmoja wa mraba unaachwa wazi kwa ajili ya taa na kamba, kwa hiyo pembe zinabaki 25, kati yake 17 za kitako cha pande nne na 8 za pande tatu. Wamoraviani duniani kote huitundika hadi leo.

"Tutengeneze," nikasema. Nilikuwa na ufunguo wa stoo ya shule na karatasi za manila zilizobaki za kuchorea ramani. Naungama leo kwamba sikumwomba mwalimu mkuu ruhusa. Mimi mwenyewe baadaye, nilipokuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, ningemwandikia barua kali mwalimu aliyefanya hivyo.

Ilituchukua siku nne. Gundi tulipika kwa unga wa ngano. Pembe za kwanza zililegea kwa unyevunyevu, tukazianika juu ya jiko. Watoto wa jirani walikuja kusaidia kukunja, nami nikapata nafasi ya kuwafundisha piramidi kuliko nilivyowahi kufaulu darasani. Ndani tuliweka tochi ya betri mbili. Jumanne tarehe 24, giza lilipoingia, tuliitundika barazani kwake.

Haikuwa nzuri sana, ilikuwa imeinama upande mmoja. Lakini usiku wa Iyunga ulikuwa na giza nene, na nyota ile ilionekana hadi kwenye reli. Wachina watatu waliokuwa wakitembea kutoka kambini walisimama njiani wakaitazama muda mrefu. Hatukuwa na lugha ya kuwakaribisha, tukawapungia mkono, nao wakapunga. Hao nao walikuja bila wake wala watoto. Na zaidi ya 60 kati ya Wachina waliojenga reli ile ya kilometa 1,860 hawakurudi kwao, na baadhi yao wamezikwa hapa nchini, kule Gongo la Mboto.

Baadaye watoto wakataka kujua mti uko wapi, kwa maana nilikuwa nimewasimulia. Mti haukuwapo. Basi tukashikana mikono tukaizunguka meza ya useremala, watoto kumi na mmoja, mama mwenye nyumba wangu, kijana na mimi. Aliimba kwa lugha yao, sisi tukaitikia kwa kuguna tu. Mvua ikaanza, betri zikafifia, watoto wakaenda kulala. Tulipobaki wawili alisema, "Mwalimu, nakushukuru. Wewe unajua kuwa mbali." Hapo nilipaswa kumwambia kweli. Nikamwambia usiku mwema.

Mwezi wa kwanza alitumwa Rungwe kupeleka milango iliyotengenezwa karakanani. Aliondoka na gari la kanisa Jumatatu, akarudi Jumatano, magurudumu yote yamejaa matope mekundu. Alikuja kwangu jioni, akasalimu kama kawaida, akaweka mezani mkungu wa ndizi uliofungwa kwa majani makavu. Niliutambua ufungaji ule kabla hajafungua mdomo. Mama yangu hupitisha kamba mara mbili na kuificha ncha kwa ndani.

Alikuwa amewataja watu wa Rungwe rafiki yake wa Iyunga, jina na ukoo, nao wakamwonyesha nyumba yetu kwa kidole. Alikaa na wazazi wangu saa nzima. Mama alimpa maziwa ya mgando akayanywa yote. Nyumba mpya ilikuwa imeezekwa nusu kwa bati, nusu kwa nyasi.

Nilingoja anikaripie, lakini hakufanya hivyo. Alimenya ndizi moja akala, akanipa nyingine. Kisha akasema, kwa Kiswahili ambacho sasa hakikuwa na kosa hata moja, "Mama yako amenipikia."

Mwezi wa pili kifurushi cha mama yake kilifika hatimaye, kilichotumwa tangu Oktoba. Keki za asali zilikuwa ngumu kama tofali na sisimizi walikuwa wametangulia. Tulizilowesha katika chai tukazila zote, naye akahesabu makombo.

Aliondoka nchini mwaka 1976. Tuliandikiana, mara nyingi kwanza, halafu kwa nadra, kama ilivyo. Kadi yake ya mwisho niliipata mwaka 2015, ule ambao UNESCO iliutia mji wao katika orodha ya urithi wa dunia. Aliandika kwamba sasa watalii wanapanga foleni kununua keki na wenyeji hawapati. Siku hizi nikipita karibu na chuo kikuu huwaona vijana wa kigeni wanaojitolea wakizungumza na mama zao kwenye simu, nyuso zikionekana, wakicheka. Nafurahi kwa ajili yao. Mmoja nilimwona akizima simu, akabaki amekaa palepale ukingoni mwa barabara, ameikodolea macho. Nikamsalimu, tukazungumza kidogo habari za mvua.

Lakini sijasimulia habari za Pasaka. Mwaka 1975 Pasaka iliangukia tarehe 30 mwezi wa tatu. Ijumaa Kuu nilipanda basi nikiwa na bati sita juu ya keria, nikishuka kila kilima chenye utelezi kusukuma pamoja na abiria wengine. Nilifika kwetu jioni, matope hadi magotini. Mama alitoka jikoni akanishika uso kwa mikono yake miwili yenye majivu. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, upande wa nyasi. Nilichuchumaa nikamwamkia. Aliitikia. Aliwaita wadogo zangu wabebe zile bati, akazihesabu mwenyewe, akazigongagonga kwa kidole cha kati kusikia unene wake.

Kisha akatazama begi langu.

"Redio umeiacha?"

"Nimeiuza, Tata."

Alikaa kimya mpaka wadogo zangu wakamaliza kuziegemeza bati ukutani.

"Ilikuwa inashika Dar es Salaam vizuri?"

Nikamwambia ilikuwa inashika vizuri, hasa usiku.

"Ndaga," akasema. "Ingia ndani, umelowa."