Safari ya Chini ya Mlima



Safari tunayotaka kuwasimulia ilianza kwa swali la mtoto. Mwalimu mmoja hapa Ifakara alikuwa akiwasomea watoto wa darasa la sita habari za nchi ya Japani, nasi wengine tulikuwapo tukisikiliza. Akawaeleza mji uitwao Fujinomiya, uliojengwa chini ya mlima Fuji, ambao kimo chake ni mita 3,776, wala hakuna mlima mrefu kuliko huo katika Japani nzima. Ndani ya mji ule pana hekalu kubwa la dini ya Shinto, liitwalo Sengen, na nyumba yake kuu ilijengwa mwaka 1604 kwa amri ya mtawala Tokugawa Ieyasu. Kando ya hekalu pana bwawa la maji meupe, safi kabisa. Maji hayo ni theluji na mvua ya mlimani, iliyozama katika mawe ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi, ikaja kutokea pale. Hapo kale mahujaji waliosha miili yao bwawani ndipo wakaanza kupanda. Wanawake walikatazwa kupanda mlima ule mpaka mwaka 1872. Hata leo kilele chenyewe ni mali ya hekalu.

Watoto walisikiliza kimya. Kisha mmoja akanyosha mkono, akasema, “Mwalimu, na mlima wetu je? Nao ni mtakatifu?”

Mwalimu akatutazama, nasi tukamtazama yeye. Twakiri kwamba siku ile hatukumjibu vema. Tulisema maneno mawili matatu juu ya Sinai na Tabori, kengele ikalia, tukashukuru. Walakini swali halikutuacha. Sisi tukaao bonde la Kilombero twaamka kila siku na milima ya Udzungwa imesimama mbele yetu kama ukuta, asubuhi rangi ya bluu, jioni nyeusi, na kwa kuiona kila siku tumeacha kuitazama. Basi tukapatana kwenda. Tulikuwa watu watano, walimu watatu, mke wa mmoja wetu, na mtoto yule aliyeuliza, baada ya mama yake kutupa ruhusa.

Tuliondoka mwezi wa Juni, mpunga ukivunwa. Tokea Ifakara njia yaelekea kaskazini, ikipita Kiberege na Kisawasawa, na reli ya TAZARA yaifuata karibu karibu. Mkono wa kuume ni bonde, tambarare tupu mpaka macho yachoke. Mkono wa kushoto ni mlima. Jambo la ajabu ni kwamba hapana vilima vya kukutayarisha. Shamba la mpunga laisha, miti yaanza, na miti ikianza haiachi tena mpaka juu. Wataalamu wasema kwamba katika Afrika ya Mashariki ni mahali pachache sana ambapo msitu wapanda pasipo kukatika kutoka chini bondeni, penye mita kama 300 juu ya bahari, hata kupita mita 2,000. Kilele kirefu kuliko vyote, Luhombero, chapita mita 2,500, lakini kiko mbali ndani, wala hatukukiona.

Usiku ule tulilala katika kijiji kimoja karibu na Sanje, kwa ndugu wa mwenzetu. Jioni mwenyeji akatupeleka kumwamkia mzee mmoja, jirani yake, mtu wa umri mkubwa, aliyekaa barazani akisuka mkeka wa ukindu. Tukamwamkia, “Shikamoo, babu.” Akaitika, “Marahaba, wanangu. Mmekuja kuona maji?” Maana kila mgeni afikaye huko huja kuona maporomoko.

Tukamweleza swali la mtoto. Hakucheka. Akaweka ukindu chini, akasema ya kuwa zamani za babu yake, mvua ikichelewa, wazee walikwenda mpaka ukingo wa msitu, mahali palipojulikana, wakachukua unga na pombe, wakawataja marehemu wao kwa majina, wakaomba. Mahali pale hapakukatwa mti wala fito. Mtu akipita hakupiga kelele. Mtoto akachukua kuni pale, alirudishwa na mzigo wake. Akatukazia macho, akasema, “Ninyi walimu mtasema ulikuwa ujinga. Haya. Lakini mti ulikuwapo.”

Tulikuwa na maneno ya kumjibu, maana tulifundishwa, nasi twafundisha wengine, kwamba mvua yatoka kwa Mwenyezi Mungu peke yake, wala haiuzwi kwa unga. Twaliamini hilo hata sasa. Hata hivyo tulinyamaza, kwa sababu neno lake la mwisho lilikuwa kweli tupu.

Wala si hapa tu. Ng'ambo ya bonde, katika Ulanga, Wapogoro walikuwa na watunzaji wa mahali pa kutambikia, waitwao mbui, ambao watu waliwaendea kwa ajili ya mvua na rutuba ya nchi, na nguo nyeusi kuwa mojawapo ya sadaka. Na katika milima ya Uluguru, upande wa kusini, pana pango la Kolelo, ambalo Waluguru, Wakutu na hata Wazaramo wa pwani walipeleka sadaka zao, wakisema mle ndani yumo nyoka mkubwa atoaye habari. Mwaka 1905 jina la Kolelo lilitumika kutangaza kwamba watu wasilipe kodi kwa Wadachi. Dawa ya maji ilipotoka Ngarambe, ikaenea mpaka huku kwetu, Wapogoro na Wambunga wakaishambulia boma ya Mahenge mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Risasi hazikugeuka maji. Nayo njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Twalitaja jambo hili ili mtu asidhani kwamba mambo ya kale yalikuwa mazuri yote. Hofu iliyolinda mti ndiyo hiyo hiyo iliyoweza kumpeleka kijana mbele ya bunduki na chupa ya maji mkononi.

Tulipokuwa tukiagana na mzee, mke wa mwenyeji wetu alikuwa akipika, nasi tukaona ya kuwa jiko lake lawaka pumba za mpunga. Mwenzetu mwanamke akamwuliza kwa nini, na kuni ziko karibu hivi. Ndipo alipotuambia habari iliyotuweka macho usiku ule.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliwekwa mwaka 1992, nayo eneo lake ni kilometa za mraba 1,990. Tangu hapo watu wa vijiji vya chini walipewa ruhusa ya kuingia kwa siku maalumu ya juma kuokota kuni zilizokauka, hawakuruhusiwa kukata. Mwezi wa Julai mwaka 2011 ruhusa hiyo ikakoma. Sababu yake yaeleweka: watu wamekuwa wengi, mlango ukifunguliwa kwa kuni kavu huingia na panga, na msitu uliookotwa kila kitu hauoti tena vizuri. Lakini mama yule alisema, “Sisi tulifunga njaa ya moto siku moja.” Waliokuwa na shamba walipanda miti; wasiokuwa na shamba walinunua kuni au mkaa; wengine wakajifunza kupikia pumba. Na walioshindwa waliingia usiku, wakakamatwa. Hakusema haya kwa uchungu mwingi. Alisema kama mtu asemavyo habari za mafuriko.

Tulilala tukihojiana. Mmoja wetu alishika upande wa sheria sana, mwingine upande wa mama. Twaona sisi kwamba wote wawili walikuwa na haki, nalo ni jambo zito kuliko mmoja kuwa mkosaji. Mzee alikatazwa na marehemu wake mwenyewe, na mahali pamoja tu; mama huyu amekatazwa na bango, na mlima mzima.

Asubuhi tulifika getini, tukalipa ada, tukapewa kijana wa kutuongoza, maana hairuhusiwi kupanda peke yenu. Njia ya Sanje ni ya saa kama nne kwenda na kurudi kwa mtu mwenye miguu mizuri. Mwenzetu mnene alikaa chini mara tano, tukamngoja. Ndani ya msitu ni baridi na giza kidogo, majani yadondosha maji hata pasipo mvua. Kiongozi alituonyesha mbega wekundu, ambao hawapatikani ila katika milima hii na ujirani wake. Akatueleza habari ya kima wa Sanje. Mwaka 1979 wataalamu walisikia sauti yake msituni, wakastaajabu, kwa kuwa hakuwamo katika vitabu. Lakini watu wa vijijini walikuwa wakimjua siku zote. Tukacheka zaidi kwa habari ya kware wa Udzungwa. Mwaka 1991 wataalamu kutoka Denmark walikuwa kambini, wakaona ndani ya chungu cha mboga miguu ya ndege wasiyemjua. Ndiyo asili ya ndege yule kutambulikana ulimwenguni, na jamaa zake wa karibu wako Asia. Mungu ajua ni wangapi wengine waliokwisha liwa pasipo kuandikwa.

Kisha tukasikia ngurumo, na mara tukatokea penye maporomoko. Maji ya Sanje yaanguka kwa ngazi tatu, jumla yake mita kama 170. Ukisimama juu waliona bonde lote limetandazwa chini, mashamba ya mpunga, miwa upande wa kaskazini, reli kama uzi, na mbali sana mto wenyewe. Hapo ndipo tulipofahamu tulichokwenda kutafuta. Maji yale yaliyokuwa yakitulowesha nguo ndiyo yale yaliyo katika majaruba yetu. Mito itokayo katika milima hii huingia Kilombero, na Kilombero hupeleka katika mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake yote. Na tangu mwaka 2024 maji hayo hayo huzungusha mitambo ya bwawa la Julius Nyerere, hata mtu wa Dar es Salaam awashaye taa yake jioni awasha mvua ya Udzungwa, ingawa hajui.

Mtoto akauliza, “Na maji yakizuiliwa huku juu?” Kiongozi akamweleza habari za Kihansi, upande wa kusini wa milima hii hii. Huko palikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyetaga mayai bali huzaa watoto walio hai, akikaa katika manyunyu ya maporomoko peke yake, mahali pasipozidi mashamba machache. Alitambuliwa mwaka 1996. Hata maji ya Kihansi yalipogeuzwa ili yatoe umeme, manyunyu yakapungua, na chura akapungua. Karibu chura 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000 wakatunzwa humo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba kwao hayuko tena hata mmoja. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa, na manyunyu yao sasa hutengenezwa kwa mabomba. Mtoto alifikiri kitambo, akasema, “Basi wanamnyunyizia mvua ya mpira.” Hatukuwa na la kuongeza.

Tukiwa njiani kurudi alituuliza tena swali lake la kwanza, kwa maana watoto hawasahau deni. Mwalimu wake akamwambia ya kuwa mlima si Mungu, wala haufai kuombwa. Lakini Mungu aliuumba kabla yetu, akaujaza viumbe tusivyovijua, akatuletea maji kwa njia yake, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuutendea kama gogo lililoanguka barabarani. Mtoto akasema, “Na kuni za yule mama?” Mwalimu akasema ya kwamba shuleni pana eneo nyuma ya jiko ambalo halina kitu ila nyasi, na kwamba mvua zikija atahitaji watu wenye majembe. Mwenzetu mnene, aliyekuwa amenyamaza tangu gari lianze, akauliza ni miti gani itakayokua upesi, wakabishana mpaka Kiberege.

Mtoto alikuwa amejaza chupa moja maji ya Sanje kwa ajili ya bibi yake, mwanamke aliyebatizwa uzeeni, ambaye asili ya watu wake ni ukingoni mwa mlima. Tulipomrudisha nyumbani jioni, akampa. Bibi akaishika chupa kwa mikono miwili, akaitazama mbele ya taa.

“Mliomba ruhusa?” akauliza.

“Kwa nani, bibi?”

“Kwa wenyewe.”

Tukamwambia tulilipa getini, na stakabadhi tunayo. Akacheka sana, hata akafuta machozi kwa upande wa khanga. Kisha akafungua chupa, akanywa.