Mbuzi wa Jaa la Dandora

Atokaye pwani kwa treni hushuka Syokimau, na akiishika Barabara ya Outer Ring kuelekea kaskazini hupita Donholm na Umoja hata akafika Kariobangi. Hapo harufu humtangulia. Kando ya Mto Nairobi ndipo lilipo jaa la Dandora, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori yangali yakiingia.

Wachaguao vyuma na chupa humo wameandikwa sana. Macho yetu yalivutwa na mifugo: ng'ombe waliokonda, mbuzi na kondoo, wakila maganda na mabaki ya hotelini pamoja na korongo wakubwa. Mfuko wa plastiki ulioganda ugali humezwa na ugali wake, wala hautoki tena. Hujikunja tumboni na wenziwe hata mnyama akaacha kucheua; tumbo limejaa, naye anakufa njaa. Serikali iliipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, lakini iliyofukiwa kabla ya hapo imo vile vile.

Plastiki angalau huonekana mnyama achinjwapo. Risasi haionekani. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchunguzi wa jaa hili: kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikutwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule. Udongo uliowadhuru watoto ndio mbuzi wanaoulamba. Ng'ombe aambuaye betri iliyopasuka huilamba kama chumvi. Akizidiwa husaga meno, hupofuka, hujigonga kutani. Apataye kidogo kidogo haonyeshi neno. Risasi hukaa mifupani mwake, na nyingine hupita katika maziwa.

Wanazuoni walimjua zamani mnyama alaye najisi, wakamwita jallala, neno lililo karibu kwa sauti na jalala letu. Hadithi ya Ibn Umar yakataza nyama na maziwa yake, na vitabu vya Kishafii hutaja kumfunga na kumlisha kilicho safi: ng'ombe siku 30, mbuzi siku 7, kuku siku 3. Uchafu wa kinyesi hupita kwa muda huo. Risasi ya mfupani haipiti, na swali lake ni la madhara kabla ya kuwa la najisi. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mahakamani mwaka 2020 kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, wanalijua vema.

Kutoka jaani hadi Kiamaiko, soko la mbuzi la Huruma, si mwendo mrefu. Wengi wa mbuzi wale huletwa kwa malori kutoka kaskazini, wamelelewa kwa majani ya nyikani. Akichanganywa nao mmoja wa mtaani, hana alama. Mnunuzi hushika mgongo, hutazama meno, hupatana bei. Tulisimama pale hadi adhuhuri, wala hatukumsikia aliyeuliza mnyama alilishwa wapi.