Mto Ruvuma na Maji Yatokayo Juu

Ukitoka Mtwara mjini kwa njia ya Msimbati utapita kati ya mikorosho na minazi mpaka pwani ya mchanga. Hapo ni Ghuba ya Mnazi. Kusini yake mto Ruvuma waingia baharini, na ng'ambo ni Msumbiji. Tangu mwaka 2000 pwani hii ni hifadhi ya bahari, yenye kilometa za mraba 650.

Mdomoni mwa mto mna mikoko ya namna nyingi: mkandaa, mchu, mlilana na mingineyo. Mizizi yake hukamata matope yaletwayo na maji, na katika matope hayo hukua kaa, kamba na samaki wadogo. Ndiyo ghala ya kitoweo cha watu wa pwani.

Lakini matope hayo yatoka mbali. Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, karibu na Songea, nao husafiri kama kilometa 800. Njiani hupokea mito mingi, na mmojawapo ni Muhuwesi wa Tunduru. Huko katika miaka ya 1990 watu walimiminika kutafuta yakuti na vito vingine, wakifukua kokoto za mtoni na kuziosha. Shimo likiachwa wazi, mvua huteremsha udongo wake mtoni.

Nilimwamkia mzee mmoja mvuvi, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamwuliza ajuaje kama maji ni mabaya. Akasema, "Yakiwa mekundu, bara kumenyesha. Yakiwa safi, sina shaka."

Wengi wetu tungejibu hivyo. Lakini yako madhara yasiyo na rangi. Zinki, yaani madini yapakwayo juu ya mabati yasishike kutu, ikiyeyuka majini haionekani kwa macho. Mwili wa mtu wahitaji kiasi kidogo tu. Ikizidi mtoni, huharibu matamvua ya samaki, nao hushindwa kuvuta pumzi.

Tutazame jirani zetu wa Uganda. Chini ya milima ya Rwenzori uko mgodi wa shaba wa Kilembe, ulioanza kazi mwaka 1956 na kusimama katika miaka ya 1980. Mabaki ya mawe yaliachwa kando ya mto Nyamwamba, mamilioni ya tani. Mawe hayo yana kiberiti. Yakipata hewa na mvua hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha shaba, kobalti na zinki. Mafuriko ya mwaka 2013 na ya 2020 yaliyamega malundo hayo na kuyateremsha bondeni, kuelekea Ziwa George. Wachimbaji walikwisha kuondoka. Maji hayakuacha kazi yao.

Basi chanzo hutafutwaje? Kwa kupanda mto, makutano hata makutano. Chukua maji juu ya makutano, chini yake, na katika kijito chenyewe. Tena usipime ukali peke yake. Pima na wingi wa maji. Kijito chenye miligramu 2 katika kila lita, kikipitisha lita 5 kwa sekunde, huleta miligramu 10. Kingine chenye miligramu 0.1 tu, kikipitisha lita 500, huleta 50. Huyu aliyeonekana mpole ndiye mwenye mzigo mkubwa! Atazamaye ukali tu ataziba kijito kisichostahili.

Kazi hii yafaa ifanywe mapema, kabla machimbo hayajafungwa na wenyewe kutawanyika. Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ina makao yake hapa Mtwara. Viongozi wa vijiji waiulize maji hupimwa wapi, na mara ngapi kwa mwaka. Walimu nao wawafundishe watoto kuandika tarehe, mahali na hali ya mto kila waonapo samaki wamekufa. Daftari la bei ndogo laweza kumwonyesha mpimaji mahali pa kuanzia.

Mikoko hupokea kila kiletwacho na mto, chema na kibaya, wala haina uwezo wa kukirudisha. Anayekaa mdomoni mwa mto hana budi kujua habari za wakaao juu.