Tasnifu Zinazokula Vumbi na Somo la Cheche

Kila mwaka husahihisha tasnifu za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Baadhi yake zina hoja ambazo sijazikuta katika jarida lolote la wahadhiri. Alama zikishaandikwa, kazi hizo hupelekwa maktaba na kubaki huko zikila vumbi. Mwandishi huondoka na cheti. Jamii hukosa utafiti wake.

Tukizungumzia ubunifu katika uchapishaji wa kitaaluma wa wanafunzi, fikra zetu hukimbilia kwenye programu na tovuti. Historia ya Mlimani, Dar es Salaam, inafundisha vingine. Novemba 1969 wanafunzi walitoa jarida la Cheche, wahariri wakiwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Kurasa zilipigwa taipu kwenye stensili, zikadurufiwa. Hata hivyo, mwaka 1970 ndizo zilizobeba makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, ambayo wasomi wangali wakiijadili. Walter Rodney, aliyekuwa mhadhiri, naye aliandika humo: kazi ya mwalimu ikapita mikononi mwa wahariri wanafunzi.

Upya wa Cheche haukuwa katika mashine, bali katika mamlaka. Wanafunzi ndio walioamua swali lipi liulizwe. Mamlaka hayo yalikuwa na gharama: Novemba 1970 jarida lilipigwa marufuku, ikielezwa kwamba jina lake limetokana na Iskra, gazeti la Lenin, ilhali Tanzania inajenga ujamaa wake yenyewe.

Leo simu moja inatosha kufanya kazi ya stensili. Kinachokosekana ni imani yetu sisi wahadhiri. Jarida la wanafunzi likitajwa, upesi tunauliza ni mhadhiri gani atakuwa mhariri mkuu, na kama makala zake zitahesabiwa katika kupandishwa vyeo.

Napendekeza wanafunzi wahariri wenyewe. Maoni ya waliopitia mswada yachapishwe pamoja na makala, ili msomaji auone mjadala. Utafiti kuhusu wavuvi uwe na muhtasari wa Kiswahili utakaowafikia wavuvi hao. Mhadhiri awe mshauri asiye na kura ya turufu.

Ikiwa mwanafunzi hajawahi kutetea hoja yake mbele ya wenzake, tutamdai vipi aitetee mbele ya taifa?