Remmy Nilimkuta Manzese

Oktoba 1989 redio ya taifa ya Zaire iliacha mambo mengine yote ikapiga nyimbo za Franco. Franco, yaani Luambo Makiadi, alikuwa amefariki Ubelgiji tarehe 12, na Mobutu akatangaza siku nne za maombolezo. Nilikuwa na miaka 23, karani wa ghala pale bandarini Kalemie. Tangu utotoni nilijiapiza kwamba siku moja nitasimama mbele ya bendi yake, OK Jazz, nimtazame yule mtu mnene akishika gitaa. Siku ya nne ya maombolezo nilikaa juu ya gunia la ndagala, nikakubali kwamba huyo sitamwona tena. Nikasema moyoni: basi Remmy hatanipita.

Kwa nini Remmy? Mtu wa Kalemie hahitaji kuelezwa, lakini wengine nitawaambia. Usiku, upepo wa Ziwa Tanganyika ukitulia, Radio Tanzania Dar es Salaam ilitufikia vizuri kuliko vituo vyetu wenyewe. Baba alikuwa na redio moja. Mchana mawe yake, yaani betri, tuliyaanika juu ya bati yapate nguvu kidogo, na jioni tukayarudisha, tukakaa kimya. Nyimbo za Kinshasa tulizipenda sana, ila zilikuwa za Kilingala. Tulicheza kwanza, maana yake tukaiulizia baadaye kwa askari, maana wao ndio waliokizungumza. Remmy Ongala na Super Matimila waliimba kwa lugha ile ile ambayo mama aliitumia kupatana bei ya samaki wa mikebuka sokoni. Hakuna aliyehitaji kututafsiria. Aliimba juu ya mtu asiye na kitu, juu ya mke, juu ya kufa, na mama akiwa jikoni alikuwa akiitikia peke yake, "Ni kweli."

Tena alikuwa wa kwetu. Alizaliwa Kindu mwaka 1947. Reli inayoanzia bandarini kwetu inakwenda Kabalo, inapita Kongolo, na inaishia Kindu, kwa hiyo kwa mtoto wa Kalemie Kindu ni mwisho wa reli, si ugenini. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, mganga akashauri huyu asinyolewe. Zile nywele ndefu walizozishangaa watu wa Dar zilikuwa na asili hiyo, na jina lake la utani, Dakta, pia. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akapiga na Orchestra Makassy, kisha akaingia Matimila.

Desemba ya 1989 niliomba ruhusa kazini, nikauza baiskeli yangu, nikapanda boti ya mizigo usiku. Taa za wavuvi zilikuwa zimetapakaa ziwani kama mji wa pili. Kigoma nilisubiri treni siku mbili. Safari ya zaidi ya kilomita 1,200 nimeisahau karibu yote, isipokuwa chumvi ya Uvinza iliyokuwa ikiuzwa dirishani na baridi ya Dodoma alfajiri. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa akiishi Manzese, Dar es Salaam, tangu miaka ya sitini. Aliponiona mlangoni hakuniuliza habari za kazi. Aliniambia tu, "Mwipwa, mama yako nilishindwa kumzika." Nikamjibu, "Hata mimi, mjomba." Mama alifariki mwaka 1987 nikiwa Kabalo na shehena ya mahindi, na treni ya kunirudisha iliharibika njiani. Niliporudi nilikuta kaburi lina siku tatu.

Jumamosi ilipofika mjomba alivaa shati lake jeupe, akanilipia kiingilio cha dansi la Remmy. Ilikuwa baa ya wazi, miti miwili katikati, sakafu ya saruji iliyopasuka, viti vya chuma. Vijana wa vyombo walikuwa wamekwisha kuanza kupasha, gitaa la besi likitetemesha chupa mezani. Nilisimama karibu kabisa na mpiga tumba. Ngozi ya tumba moja ilikuwa imeshonwa kwa uzi mnene mweusi, na kila mara alipoipiga ule mshono ulipumua, ukafunguka na kujifunga. Kwenye kidole cha kati alikuwa amejifunga plasta, na plasta ile ilikuwa na damu. Redio haikuwa imewahi kunionyesha kwamba mlio ule mlaini unatoka kwenye kidole kinachovuja damu.

Remmy alipanda saa nne na nusu. Mtu mkubwa, nywele zimemwagika mabegani, jasho tayari. Alianza kwa kusalimia, akazungumza na watu kirefu kabla ya kuimba, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Miaka kumi na moja alikuwa Dar es Salaam, mwaka uliotangulia alikuwa Ulaya kwenye ziara ya WOMAD, na mwaka huo wa 1989 kampuni ya Real World ilikuwa imetoa albamu yake Uingereza, lakini mdomo wake ulikuwa bado wa mashariki ya Kongo. Namna alivyovuta maneno ilikuwa namna ya baba yangu. Watu wa Manzese walikuwa wakicheka kwa furaha, wamemzoea. Mimi nilishindwa kucheka. Nilikuwa kijana aliyevuka ziwa na nchi nzima kwenda kumwona mtu maarufu, nikamkuta mtu wa nyumbani.

Nyimbo za redioni zilikuwa dakika tano, sita, zikakatwa kupisha taarifa ya habari. Pale wimbo haukuwa na mkato. Sisi tunaita sebene, wao wanaita chemko: sehemu ile magitaa yanapoacha kumsindikiza mwimbaji yakaanza kusemezana yenyewe. Mpiga solo alikuwa akirudia kijisauti kile kile mara ishirini, thelathini, na kila ukidhani amemaliza anaongeza nukta moja juu yake, watu wanapiga kelele. Wimbo ulidumu kwa kadiri ya miguu ya watu. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kubwa: redioni bendi inakupigia, pale bendi inakutazama ndipo inaamua.

Halafu, usiku umekwenda sana, wakapiga "Kifo".

Nilidhani watu watakaa. Hawakukaa. Walicheza polepole, kila mmoja mahali pake. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa makamo, khanga kiunoni, anacheza hatua fupi fupi za matanga kama tunavyocheza kwetu, na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Wala hakupoteza hatua hata moja. Mjomba alinishika bega. Tulicheza sisi wawili, mjomba na mpwa, katikati ya watu tusiowajua, na hakuna aliyeniambia lakini nilijua kwamba tunamzika mama. Miaka miwili sikuwa nimelia. Nililia pale, juu ya saruji iliyopasuka, na mpiga tumba alinitazama, akaendelea kupiga kwa kidole kile kile. Nasema waziwazi: hakuna ibada iliyonifaa kuliko ile.

Asubuhi mjomba alininunulia kaseti. Nilirudi nayo Kalemie, ikapigwa mpaka maandishi yakafutika. Vita vya 1998 vilipofika mjini niliifunga ndani ya nguo za mtoto tukakimbia nayo, ikarudi salama. Iliyoishinda ni tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005. Ukuta wa sebuleni uliangukia redio kaseti, na kaseti ilikuwa ndani yake. Watoto wangu waliokota vipande vya ule utepe wa kahawia, wakavifungia kuku miguuni kama alama.

Remmy alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Miaka yake ya mwisho alikuwa akiimba nyimbo za injili, na maradhi yalikuwa yamemchosha. Habari zilinifikia kwa redio, usiku, kutoka ng'ambo ile ile. Mjomba hakuwepo tena wa kunipigia simu.

Mwaka 2014 nilipata safari ya Dar es Salaam kwa matibabu ya macho. Nilipanda daladala kwenda Sinza, kumtembelea binti ya mjomba. Konda, kijana wa miaka ishirini hivi, alitoa kichwa mlangoni akapaza sauti, "Kwa Remmy! Kwa Remmy wapo?" Abiria watatu wakasema wapo, gari likasimama. Kituo kimeitwa hivyo kwa sababu ndipo alipokuwa akiishi. Mimi safari yangu ilikuwa ya mbele zaidi, lakini nilishuka nao.